Trikoderma: inalinda miche, haiponyeshi kahawa iliyokauka

Swali moja linaturudilia mara nyingi kwenye mikutano ya koperative: ile poda ya kijani inayoitwa Trikoderma, inaweza kuponyesha kahawa inayokauka? Jibu ni hapana. Lakini ina kazi ingine, na hiyo tunaihitaji sana.

Trikoderma ni kuvu. Inaishi ndani ya udongo, kwenye mizizi na kwenye miti iliyooza. Mukiondoa gome la mti wa kuoza, ule unga mweupe unaogeuka kuwa wa kijani mara nyingi ni yenyewe. Inakua mbio, inafika kwenye mzizi mbele ya kuvu mbaya na kuchukua nafasi. Ikikuta nyuzi za kuvu ingine inazizunguka, kama vile haragi linavyozunguka kijiti, inatoboa ngozi yake na kula ya ndani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, aina yake moja ilikutwa kwenye visiwa vya Solomon ikikula mahema ya askari wa Marekani! Leo viwanda vinatumia maji yake ya kuyeyusha nyuzi ili kulainisha nguo za jeans, labda hata ile uliyoivaa.

Sasa kahawa. Watu wa Beni wanakumbuka miaka ya 1990, trakeomikozi ilipomaliza robusta na wengi wakahamia kakao. Uganda nayo iliuona ugonjwa huo mwaka 1993. Kuvu yake inaingia kupitia mizizi na vidonda vya panga, kisha inaziba mishipa ya maji. Ukikwangua gome unakuta mti umekuwa na rangi ya bluu-nyeusi. Majani yakisha kunyauka, mishipa imekwisha kuziba. Poda ya kumwaga chini haifiki huko. Mwenye kuwauzia Trikoderma kama dawa ya mti huo anakula feza zenu bure. Ng'oeni mti na kuuchoma palepale, musiubebe kama kuni kupita katikati ya shamba, na panga ipitishwe kwenye moto kabla ya kugusa mti mwingine.

Kazi ya Trikoderma inaanza mapema, kwenye pepinieri. Miche ya nyanya, shu au kahawa inayolala chini na kuoza shingoni, hapo inasaidia kweli. Changanyeni poda na mboleo iliyokwisha kuiva na kupoa, iwe na unyevu, ikae kivulini kama wiki mbili mukiigeuza, halafu mutie kwenye udongo wa miche. Mboleo ingali moto itaiua.

Mukumbuke kwamba ni kitu chenye uhai. Pakiti iliyoanikwa juani sokoni, au iliyopitisha tarehe, ni vumbi tu: muulize imewekwa wapi. Musiichanganye na mankozebu ndani ya pompi moja, kwani dawa ya kuua kuvu haichagui. Na wale wanaolima uyoga wasiiingize kabisa nyumbani mwa uyoga. Kule yenyewe ndiyo adui, ule ukungu wa kijani unaoharibu mifuko.

Kabla koperative haijanunua nyingi, jaribuni pakiti moja. Panda vitanda viwili vya mbegu moja, udongo mmoja, kimoja na poda, kingine bila poda. Hesabuni miche iliyosimama kwenye kila kitanda siku ya kuhamisha, muandike kwenye kaye.