Baraka: Kamanda alihukumiwa, na fidia je?

Tarehe 1 Januari 2011, wanajeshi wa FARDC walivamia mji wa Fizi, wakabaka wakina mama na kupora nyumba. Miezi miwili haikutimia: mahakama ya kijeshi ilifunga safari hadi Baraka, karibu na waathiriwa, na tarehe 21 Februari ikamhukumu luteni kanali Kibibi Mutware kifungo cha miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Kamanda mwenyewe, si askari mdogo wa kutolewa kafara!

Mahakama iliagiza fidia pia. Lakini sheria ya kitaifa ya fidia kwa wahanga wa ubakaji wa vita, Kinshasa iliitangaza Desemba 2022 tu. Mama aliyekwisha toa ushahidi Baraka asiambiwe leo aanze upya kujaza karatasi ofisini.