Amana ya Mhakiki: Muswada Usomwapo Chini ya Meru

Mtu aliyezaliwa katika vijiji vilivyo chini ya Mlima Meru, Tanzania, kama Ngurdoto na Maji ya Chai, aghalabu hutambulikana ugenini kwa rangi ya kahawia iliyo katika meno yake, kwa sababu maji ya mlima huo wa volkano hupita katika miamba yenye floridi nyingi. Na makala za kisayansi zinazoandikwa juu ya jambo hilo, kabla hazijachapwa katika jarida la kuheshimika, sharti zipite mikononi mwa wahakiki.

Mhakiki ni mtaalamu wa fani ile ile, ambaye mhariri humpelekea muswada kwa siri, mara nyingi bila ya ujira, ausome na kutoa rai yake. Desturi hii si kongwe kama watu wadhanivyo: jarida la Nature la Uingereza, pamoja na sifa zake zote, halikuifanya sharti mpaka mwaka 1973.

Na tubuni mfano. Muswada wadai kuwa meno ya watoto wa kijiji fulani yameharibiwa na maji ya kisima yenye miligramu 5 za floridi kwa lita, hali Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa 1.5. Mhakiki mzembe atasahihisha nukta na mkato, kisha atausifu. Aijuaye kazi atauliza kama maji yalichotwa masika au kiangazi. Kama yalihifadhiwa katika chupa za plastiki au za kioo, maana floridi huweza kushikana na kioo na kipimo kikapotoka. Na kama meno yalikaguliwa na mtu mmoja au wawili, na wawili hao walikubaliana kwa kadiri gani. Kisha ataleta swali ambalo kwangu lazidi yote kwa uzito: je, kina mama wa hapo hupikia magadi? Magadi yatiwayo katika maharage na makande ili yaive upesi nayo huwa na floridi, na watafiti waliolichunguza jambo hilo Tanzania wameyahusisha na madoa ya meno. Bingwa wa kemia aliyeko London aweza asilifikirie swali hilo kamwe. Aliyelelewa Usa River, chini ya mlima huo huo, alijua habari zake tangu jikoni. Ndiyo maana naona ni hasara mhariri wa ng'ambo kuwasahau wataalamu wa huku, ilhali Tengeru pana Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2011.

Lakini ujirani una madhara yake. Aliyemfundisha mwandishi, au ambaye naye anapima kisima kile kile, hana budi kumwarifu mhariri na kujitoa.

Ripoti huanza kwa kueleza kwa ufupi muswada unadai nini, ndipo zifuate kasoro nzito, na ndogo baadaye kwa ukurasa na mstari. Husemwa muswada, hasemwi mtu: “jedwali la pili halionyeshi msimu,” si “mwandishi ni mvivu.” Kukubali, kutaka marekebisho au kukataa ni ushauri tu, kwani hukumu ni ya mhariri. Na mwandishi akijibu kwamba habari za magadi aliziuliza nyumba kwa nyumba, ila aliziacha asirefushe makala, mhakiki na amtake aziongeze katika jedwali, kisha hoja yake ya magadi aifute.