Shule ya Mtoto wa Shefu

Kaskazini mwa Uingereza, katika jimbo la Northumberland, ukoo wa Percy umeshika ngome ya Alnwick tangu 1309. Mwaka 1810 Duke wa ukoo huo alifungua shule hapo mjini kwa wavulana maskini, na shule ikabaki na jina la cheo chake. Ukilitazama jambo hilo ukiwa Bunia, katika jimbo la Ituri, mashariki mwa Kongo, utaliona geni. Huko Ituri shule ilitoka kwa mkoloni na wamisionari, ikapita kwanza kwenye nyumba za wakubwa, na watoto wa maskini ndio waliochelewa kuiona.

Wabelgiji walitawala kupitia mashefu. Sheria yao ya 1910 iliwapa cheo rasmi serikalini. Mwaka uliofuata Bomera, shefu wa Wahema, kabila la wafugaji, aliuawa na Walendu, kabila la wakulima, waliokuwa wamewekwa chini yake. Serikali ikaanza kuyatenga makabila hayo mawili, kila upande na eneo lake, na ndiyo maana ramani ya wilaya za Irumu na Djugu hadi leo ina Bahema Sud, Walendu Bindi, Walendu Pitsi na nyingine. Mipaka ikawekwa, lakini heshima haikugawanywa sawa. Karani, mkalimani au msimamizi alipohitajika, alitafutwa kwanza kwa Wahema. Walendu wengi walijikuta katika machimbo ya dhahabu ya Kilo na mashamba ya kahawa ya Wazungu.

Nchi jirani zilionyesha upendeleo huo waziwazi shuleni. Shule ya Budo, Uganda, ilifunguliwa 1906 kwa watoto wa wakubwa, juu ya kilima wanakotawazwa Makabaka, wafalme wa Buganda. Shule ya Astrida, Rwanda, ikaanzishwa 1929. Huko Ituri upendeleo ulipita katika madarasa ya kawaida ya misioni. Na misioni zenyewe hazikuwa sawa: zile za Kikatoliki za Wabelgiji zilianza kupata ruzuku miaka ya 1920, Waprotestanti wakangoja hadi 1948.

Tusiseme kwamba kila Mhema alisoma. Wachungaji wengi wa ng'ombe hawakuwahi kushika kalamu, na Walendu nao walitoa walimu na mapadre. Ila tofauti ndogo ya darasani ilikuja kuwa kubwa mwaka 1973.

Mwaka huo Rais Mobutu alitoa sheria iliyoifanya ardhi yote kuwa mali ya serikali, kisha mwezi wa Novemba akataifisha biashara na mashamba ya wageni. Mashamba ya Wabelgiji yakahitaji wamiliki wapya, na Ituri mengi yalichukuliwa na Wahema waliosoma, wenye jamaa ofisini. Sheria nayo ilikuwa na mlango wa hatari: mtu aliweza kupata hati ya ardhi wanapoishi wengine, na isipopingwa ndani ya miaka miwili, kuwafukuza. Sasa fikiria mzee wa kijijini anayelima alipolima babu yake. Karatasi imeandikwa kwa Kifaransa, imepigwa muhuri mjini, inakaa kwenye faili asiloweza kuliomba. Anaijua siku askari wanapofika na mwenye hati. Miaka yake miwili imekwisha bila yeye kujua kwamba ilikuwa imeanza.

Vita vilivyozuka 1999 kati ya Wahema na Walendu vilianzia Walendu Pitsi, juu ya mashamba makubwa yenye hati za namna hiyo. Silaha ziliongezwa na majeshi ya Uganda na wanasiasa, na lawama yao ni kubwa. Lakini wengi wanaosimulia vita hivi huanzia kwenye bunduki na kuliruka darasa.

Hata leo shule nyingi za Kongo bado zinaendeshwa na makanisa, chini ya mkataba ambao makanisa hayo yalitia sahihi na serikali 1977. Tangu 2019 serikali imeifanya shule ya msingi ya umma kuwa ya bure. Sekondari bado ina ada, iitwayo minerval, na diploma ya serikali, ile inayofungua mlango wa ofisi ya ardhi, hupatikana mwisho wa sekondari.