Madiba ya Lualaba: kitambaa kilichokuwa pesa, na swali la aliyekifuma

Kabla ya faranga kufika Maniema, mtu aliweza kulipa mahari kwa kitambaa. Si cha pamba wala hariri, bali cha rafia, kilichofumwa kwa majani ya mti wa jamii ya mchikichi. Wasongye, magharibi ya mto Lualaba, hukiita madiba.

Ngozi ya juu ya jani changa huchunwa, hukaushwa na kuchanwa kuwa nyuzi. Nyuzi hizo hazisokotwi wala kuungwa, kwa hiyo kitambaa hakiwezi kupita urefu wa jani lenyewe. Hapo ndipo siri ya pesa ilipo: jani lilipanga kipimo, vipande vikakaribiana ukubwa, vikahesabika na kufungwa mafungu. Mwenye shida ya nguo alikishona na vingine akavaa.

Mji wa Nyangwe, ukingo wa mashariki wa mto huo, ulikuwa na soko kubwa. David Livingstone alikaa hapo mwaka 1871, akawaona wanawake wakija kwa mamia na bidhaa zao, hadi Julai 15 watu wa wafanyabiashara wa watumwa walipowafyatulia risasi. Kwa mujibu wa shajara yake, Waarabu wenyewe walikadiria vifo kati ya 330 na 400. Machi 1893 jeshi la Dola Huru ya Kongo, chini ya Francis Dhanis, liliuteka mji.

Vitu vingi vya nchi hiyo vilianza safari ya Ulaya katika miaka hiyo. Februari 2022 Ubelgiji ilimkabidhi Waziri Mkuu wa Kongo, Jean-Michel Sama Lukonde, orodha ya vitu takriban 84,000 vilivyomo katika makumbusho ya Tervuren, na Julai mwaka huo ikapitisha sheria ya kurejesha mali.

Kwa kinyago kazi ni nyepesi kidogo, maana umbo humtaja mwenyewe. Kitambaa cha sokoni ni kesi nyingine. Mnunuzi wa zulia la kale la Kichina huuliza kwanza kama ni la Ningxia au Baotou, na bei hufuata jibu. Kipande cha rafia kilichoandikwa "Nyangwe" kinaeleza tu mahali kilipochukuliwa; mfumaji huenda aliishi mbali, ng'ambo ya mto, na kitambaa kilipita mikono mingi kabla ya kufika hapo. Kikirudi, kitarudi Kasongo au kwa Wasongye?