Mbu waliosafiri ndani ya pipa

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, mnajua kwamba malaria inaua hata ndege? Zamani visiwa vya Hawaii, katika bahari ya Pasifiki, havikuwa na mbu hata mmoja. Inasimuliwa kwamba mwaka 1826 mabaharia walimwaga huko maji machafu ya mapipa ya meli, na ndani yake mlikuwa watoto wa mbu. Baadaye malaria ya ndege ikafika pamoja na ndege wa kigeni. Hiyo haimpati mtu. Lakini ndege wa kule hawakuizoea: wataalamu walipomjaribu iiwi, ndege mwekundu mwenye mdomo uliopindika, kuumwa mara moja tu kulitosha kuua 9 katika 10.

Waliobaki wako milimani, kwenye baridi. Joto linapanda, na mbu wanapanda nalo. Mwaka 2023 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba aina 8 za ndege wa misitu ya Hawaii zimekwisha kabisa; mbu ni sababu mojawapo.

Na nani anawasaidia mbu? Nguruwe wa mwitu! Wanachimba vigogo laini wapate chakula, mvua inajaza vishimo, mbu wanataga. Na sisi hapa Likasi? Tunafyatua matofali, shimo linabaki wazi katika lupango. Mbu wa malaria yetu ni wa aina nyingine, lakini maji ya shimo lililo juani ndiyo anayoyapenda. Nguruwe hajui kufukia. Wewe una jembe. Fukia kabla ya mvua ya Novemba, na watoto walale ndani ya chandarua.