Kijana anayeumia kila mara: timu imbakize ao imwache?

SANGE – Makocha wengi wa bonde la Ruzizi wanalijua swali hili. Mshambuliaji wao bora ana miaka 20, ana mbio, ana shabaha, lakini kila baada ya mechi chache anatolewa uwanjani akichechemea. Abakizwe, ao jezi yake apewe mwingine?

Mfano mzuri ni wa mtoto wa Kinshasa, Silas Katompa Mvumpa. VfB Stuttgart ya Ujerumani ilimnunua kutoka Paris FC mwaka 2019 kwa karibu euro milioni 8. Msimu wa 2020-2021 alifunga mabao 11 katika Bundesliga. Kisha, tarehe 20 Machi 2021, mbele ya Bayern Munich, ligamenti ya goti ikakatika.

Mikosi haikuishia hapo. Juni mwaka huo ilijulikana kwamba jina la Wamangituka alilochezea halikuwa lake, na umri wake ulikuwa umepunguzwa mwaka mmoja. Klabu ilieleza kwamba wakala wake wa zamani ndiye aliyemsukuma. Shirikisho la Ujerumani likamfungia miezi mitatu na kumtoza euro 30.000. Adhabu hiyo aliitumikia akiwa bado anauguza goti, kwa hiyo uwanjani haikumpunguzia mengi.

Stuttgart ingeweza kumtupa. Haikufanya hivyo. Alirudi mwishoni mwa 2021, na mwaka 2022 ikawa zamu ya bega. Waliotaka auzwe wakapata la kusema. Lakini Juni 2023, klabu ilipokuwa inapigania kubaki daraja la kwanza, ni yeye aliyefunga bao la mwisho katika ushindi wa 3-1 huko Hamburg. Januari 2024 aliisawazishia Kongo dhidi ya Morocco, 1-1, katika Kombe la Afrika ambalo Leopards walifika nusu fainali. Stuttgart ilipomwazimisha kwa Red Star Belgrade, aliifunga Stuttgart yenyewe tarehe 27 Novemba 2024. Red Star ilishinda 5-1.

Si kila uvumilivu hulipa hivyo. Huko Marekani, katika beziboli, mrushaji kijana Stephen Strasburg alipasuliwa kiwiko mwaka 2010, akiwa na miaka 22. Mwaka 2012 timu yake, Washington Nationals, ilimpumzisha kabla ya mechi za mwisho ili kuulinda mkono wake, ikatolewa mapema na kulaumiwa sana. Mwaka 2019 akawa mchezaji bora wa fainali waliyoshinda. Wakampa mkataba mpya wa miaka saba, dola milioni 245. Baada ya hapo alicheza mechi nane tu, mwili ukakataa. Walimvumilia vizuri, halafu wakamlipa kana kwamba mwili wake haukuwahi kuumia.

Kwa goti, sayansi inatoa onyo. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kati ya wanamichezo wa chini ya miaka 25 wanaorudi mchezoni, karibu 23 kwa 100 hukatika ligamenti tena, katika goti lile lile ao la pili. Anayerudi kabla ya miezi tisa anajiweka katika hatari kubwa zaidi.

Hapa ndipo Sange inatofautiana na Stuttgart. Mchezaji wa mtaani hana mkataba wala bima. Akiumia, jamaa ndio wanaotafuta feza za matibabu na za njia ya kwenda Uvira ao Bukavu. Mara nyingi hukandwa, goti likipungua kuvimba anaitwa tena, kwa sababu Jumapili kuna mechi kubwa. Watu husema timu imembakiza. Kwa kweli imemtumia.

Kumbakiza kijana ni kuacha jina lake kwenye orodha huku uwanja ukimsubiri, na timu kuchanga sehemu ya matibabu kama inavyochanga kununua jezi. Timu isiyoweza hayo ni afadhali imwambie mapema, angali na miguu ya kufanyia kazi nyingine.

Kuna pia jambo ambalo halihitaji mchango. FIFA ina mazoezi ya kupasha mwili moto yanayoitwa 11+: kukimbia, kuimarisha mapaja, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua goti likiwa limenyooka sawa na vidole. Tafiti zimeonyesha yanapunguza majeraha. Huchukua dakika 20 hivi, na mpira mmoja unatosha.