Kinga ya Mwili Inapoligeukia Sikio

Mgonjwa huanza kulalamika kwamba watu siku hizi wanaongea chini chini. Simu anaihamishia sikio la pili, na baada ya wiki chache nalo linafifia. Masikio yanavuma, pengine kizunguzungu kinamshika. Dukani anauziwa dawa ya matone, nyumbani anashauriwa mafuta ya nazi ya vuguvugu. Havimsaidii, kwa kuwa ugonjwa hauko kwenye tundu la sikio.

Uko ndani zaidi, kwenye koklea, mrija uliojiviringisha kama gamba la konokono. Humo mna seli zenye vinywele zipatazo 15,000 katika kila sikio, zinazogeuza sauti kuwa taarifa za kupelekwa kwenye ubongo. Zikifa, hazioti tena.

Zamani madaktari waliamini kwamba kinga ya mwili haifiki huko. Inafika. Karibu na koklea kipo kifuko cha endolimfu (majimaji ya sikio la ndani) chenye seli za kinga, ambazo kazi yake ni kupambana na vimelea. Shida inaanza kinga inapoziona sehemu za sikio lenyewe kuwa kitu kigeni na kuzishambulia. Mwaka 1979 daktari Mmarekani, Brian McCabe, alieleza habari za wagonjwa 18 ambao usikivu wao ulishuka kwa wiki au miezi, kisha ukapata nafuu kwa steroidi, dawa zinazotuliza kinga. Ugonjwa huu ni nadra. Wengine huwa nao pamoja na lupasi au baridi yabisi. Na wenye aina yake iitwayo ugonjwa wa Cogan, macho nayo huwa mekundu na kuuma.

Hakuna kipimo kimoja cha damu cha kuuthibitisha. Daktari hupima usikivu na kurudia kipimo hicho, hupima kaswende kwa sababu nayo huleta dalili kama hizi, na huhakikisha hakuna uvimbe kwenye mshipa wa fahamu wa kusikia. Kifua kikuu pia kichunguzwe kabla ya tiba, maana steroidi zinaweza kukiamsha.

Tiba ya kwanza ni prednisoloni, ambayo ni steroidi, mara nyingi miligramu 60 kwa siku kwa wiki kadhaa, kisha inapunguzwa polepole. Usiikatishe ghafla. Si wote wanaopona, na kupata dawa mbadala si rahisi: utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa methotreksati, dawa iliyotumainiwa kuchukua nafasi ya prednisoloni, haikuzidi dawa bandia. Aliyepoteza usikivu wote bado anaweza kusaidiwa kwa kupandikizwa kifaa cha koklea.

Ninasikitishwa na wagonjwa wanaouziwa unga wa kuongeza kinga. Hawa kinga yao haijapungua. Imekosea pa kushambulia, na siku wanazopoteza ndizo ambazo tiba ingefaa.

Usikivu ukishuka ndani ya siku au wiki chache, usitie kitu sikioni. Nenda wiki hiyo hiyo kwa daktari wa masikio, pua na koo, uombe kupimwa usikivu.